Neema inapokelewaje? Maneno mawili tunayoyatamka kila siku bila kuyafungua

"Andika AMINA upokee neema ya wiki hii." Ujumbe wa aina hii huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila Jumatatu asubuhi, na chini yake amina zinapangana moja baada ya nyingine. Jioni, kwenye mkutano wa injili, spika inatangaza kwamba neema hupokelewa kwa imani, na imani ya kweli huonekana kwenye bahasha. Jumapili padri anafundisha kwamba neema tunaipata katika sakramenti. Mtaa wa pili mchungaji anasema ni bure kabisa, matendo hayaongezi kitu. Mama anayeuza mawese soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini, akiyasikia yote manne ndani ya wiki moja, ana haki ya kuuliza: hiyo neema ni kitu gani hasa, na mtu anaipokea kwa kufanya nini?

Swali lake lina jibu. Kinacholitatiza ni kwamba maneno mawili yaliyobeba jambo zima, neema na imani, kila moja lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili chetu, na wahubiri wengi huruka kutoka maana moja kwenda nyingine bila kutoa taarifa.

Neema ya mvua na neema ya Paulo

Neno neema tumelipata kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya wingi na ustawi. Mvua ikinyesha vizuri Kasulu na Kibondo, mahindi yakajaa ghalani, watu husema mwaka huu ni wa neema. Dagaa wakishushwa kwa wingi pale Kibirizi, ziwa lina neema. Aliyefanikiwa ameneemeka. Jirani Mwislamu wa Ujiji anapomshukuru Mungu kwa neema zake, anataja uzima, watoto, riziki. Hayo yote ni Kiswahili safi, na Mkristo naye anayo kila sababu ya kushukuru hivyohivyo.

Lakini waliotafsiri Agano Jipya walilichukua neno hilohilo wakalipa kazi nyingine: kubeba neno la Kigiriki *kharis*. Kwa Mtume Paulo, neno hilo ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili, unaotolewa na mtoaji asiyedaiwa. Kitu cha kwanza kinachotolewa ni msamaha na kukubaliwa na Mungu. Kisha nguvu ya kuishi maisha mapya. Kiwanja, mchumba na mtaji havimo kwenye maana hiyo, ingawa Mungu anaweza kuvitoa pia.

Tazama jinsi maana hizi mbili zinavyoachana katika 2 Wakorintho 12. Paulo alikuwa na mwiba katika mwili, akamsihi Bwana mara tatu umwondokee. Jibu alilopata ni hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ukabaki. Kwa maana ya mvua na mavuno, hapo hakuna neema yoyote. Kwa maana ya Paulo, neema ilikuwa imejaa. Mtu aliyefundishwa maana moja tu, siku mwiba wake ukikataa kutoka, atadhani Mungu amemwacha, na huo ni uchungu ambao haukuwa wa lazima.

Kuna maneno ya jirani pia. Rehema ni kutopewa adhabu uliyostahili. Neema ni kupewa wema usiostahili. Karama ni kipawa fulani, kama kufundisha au kuhudumia wagonjwa. Yanagusana, lakini mtu asiye na karama ya kunena kwa lugha hajapungukiwa na neema kwa sababu hiyo.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ile kati ya neema na ujira. Warumi 4:4 inasema: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Kibarua aliyepalilia shamba tangu asubuhi hasubiri hisani jioni. Mwenye shamba asipomlipa amemdhulumu. Ndiyo maana mfano wa Yesu katika Mathayo 20 unawachoma watu mpaka leo: walioanza alfajiri na walioanza saa kumi na moja jioni wote wanapokea dinari moja. (Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Saa za Biblia zinahesabiwa kama zetu, kwa hiyo saa kumi na moja ni ileile tunayoijua, jua likiwa limebakiza saa moja tu kuzama.) Wa alfajiri hawakudhulumiwa, walipata walichokubaliana. Kilichowaudhi ni kwamba mwenye shamba alikuwa mwema kwa wengine.

Imani na amana

Imani nayo ina mizigo yake. Tukisema mtu fulani hana imani, mara nyingi tuna maana hana huruma. Tukisema watu wa imani nyingine, tunazungumzia dini. Na mikutanoni imani imekuwa karibu sawa na kujilazimisha: kaza moyo, usiwe na shaka hata chembe, sema umepata mpaka upate.

Ukitaka maana iliyo karibu na Biblia, fuata mzizi wa neno. Amini, imani, amana, uaminifu, amani, hata amina: yote yanatoka kwenye mzizi mmoja wa lugha za Kisemiti, wenye maana ya kitu imara kinachoweza kutegemewa. Kati ya hayo, linaloeleza vizuri kuliko yote ni amana. Mtu anayesafiri kwenda Tabora akamwachia jirani pesa zake amtunzie, ameweka amana. Hajafumba macho wala kukaza misuli. Amemjua jirani yake ni mtu wa namna gani, akamkabidhi, akapanda treni. Paulo analitumia wazo hilohilo katika 2 Timotheo 1:12, na Biblia ya Kiswahili imelipata vizuri sana: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile."

Kwa hiyo imani ni kumkabidhi Kristo nafsi yako kwa sababu ya alivyo na alichofanya. Na kuandika AMINA chini ya ujumbe wa simu, bila kujua umekabidhi nini kwa nani, ni kama kutia sahihi stakabadhi ya amana ambayo hujaiweka.

Daftari la duka

Tuyaweke maneno haya mawili pamoja. Kila mtaa una duka lenye daftari la madeni. Jina la mteja juu. Chini yake tarehe, unga kilo mbili, sabuni mche mmoja, mafuta ya kupikia nusu lita, sukari robo. Mwishoni mwa ukurasa jumla: 48,000. Mwenye deni hana hizo pesa, na miezi imepita. Ameanza kupita njia ya nyuma ili asionekane. Mtoto akitumwa chumvi anaambiwa aende duka la mbali. Salamu zimekatika.

Siku moja mwenye duka anafungua ukurasa ule, anachora mstari kutoka pembe hadi pembe, anaandika "imefutwa", na hasara anaibeba mwenyewe. Kisha anatuma ujumbe: deni lako nimelifuta, pita dukani tusalimiane.

Neema hapo iko kwenye daftari, tena mdaiwa akiwa nyumbani kwake, hana habari. Imani iko kwenye miguu. Mdaiwa mmoja anausadiki ujumbe, na kesho yake anapita mbele ya duka, anasimama, anasalimia. Mwingine mwenye deni kama hilo anausoma, anasema haiwezekani, lazima kuna mtego, anaendelea na njia ya nyuma. Ujumbe ni uleule, lakini huyu wa pili hana uhuru wala urafiki. Wa tatu anakuja ameshika elfu tano: "Pokea hii kwanza, nisionekane nimepewa bure." Huyu wa tatu ndiye aliyejaa makanisani mwetu. Hakatai neema waziwazi. Anataka tu ichanganywe kidogo na malipo ili heshima yake ibaki.

Sasa, kuna mtu atakayesema kwamba yule wa kwanza alilipa deni lake kwa kupita mbele ya duka? Hata mtoto atacheka. Miguu haikulipa kitu. Ilimfikisha tu kwenye kitu kilichokwisha kutolewa. Hivyo ndivyo Waefeso 2:8 inavyozitenganisha kazi mbili: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Kwa neema, kwa njia ya imani. Neema ndiyo inayookoa, imani ndiyo njia inayopitia. Fundisho linalogeuza imani kuwa bei, ukitoa nyingi unapata kubwa, ukitoa kidogo unapata kidogo, limeurudisha ujira kwa mlango wa nyuma.

Mfano wa duka una mwisho wake. Dhambi si unga na sabuni, na kufutwa kwake hakukuwa kalamu tu juu ya karatasi. Wakolosai 2:14 inazungumzia hati iliyotushitaki, ambayo Mungu aliiondoa "akaigongomea msalabani". Hasara ya mwenye daftari ilikuwa damu.

Tena mdaiwa wa dukani ana nguvu zake, ameshindwa pesa tu, lakini Waefeso 2 inatuita wafu kwa sababu ya makosa. Kwa hilo Kigoma ina mfano bandarini. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Chuma kilicholala chini ya ziwa hakijiibui, wala hakisaidii kuvuta kamba. Inabidi kitoke kitu juu kikifuate chini. Na meli iliyoibuliwa haikuwekwa ufukweni itazamwe. Ilibeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Ndiyo mpangilio wa Waefeso 2 ulivyo: mstari wa 5 wafu wanahuishwa, wa 9 matendo hayahesabiwi kuwa sababu, na wa 10 waliohuishwa wanapewa matendo mema ya kutenda.

Mahali watu wanapokwama

Kwanza, kuipima imani yenyewe. "Sijapokea kwa sababu imani yangu ni ndogo." Abiria wawili wanapanda boti Kibirizi kwenda Kagunga. Mmoja analala usingizi, mwingine ameshika ubao kwa mikono miwili, anasoma Zaburi kila wimbi linapopiga. Wanafika Kagunga dakika ileile, kwa sababu kinachobeba ni boti. Na boti likiwa bovu, usingizi mtamu wa abiria hauzibi tundu. Imani ndogo kwa Kristo ni bora kuliko imani kubwa kwa kitambaa cha upako. Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa. Hakuambiwa arudi shaka ikiisha.

Pili, pesa. Sadaka ni jambo jema na la kale: inatunza kanisa, watumishi na maskini, na anayetoa kwa shukrani anafanya ibada. Kosa linaanza pale inapotajwa kiasi cha kutoa ili upokee. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikwenda kwa nabii Elisha akiwa na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi ya kubadili. Alipotakasika, Elisha alikataa kupokea chochote. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia njiani akachukua talanta mbili na mavazi mawili kwa uongo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Katika Matendo 8 Simoni aliyekuwa mchawi alileta fedha ili apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho Mtakatifu. Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Ukiombwa kutuma muamala kabla ya kuombewa, ukiuziwa maji, mafuta au chumvi kwa ahadi ya neema, una ruhusa ya Mtume Petro mwenyewe kukataa.

Tatu, dawa. Hili linaua watu, kwa hiyo niliseme bila kuzunguka. Anayeambiwa "amini umepona, acha vidonge" anadanganywa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa huanza kujisikia nafuu mapema, na akiacha hapo vimelea vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu kwa dawa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni za kila siku, maisha yote. Wa presha akiacha anaweza kupooza bila kuonywa. Biblia haioni ugomvi kati ya imani na tiba: mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu kwamba atapona, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Anayesadiki ameponywa arudi hospitali akapimwe. Kama kweli amepona, kipimo hakitamkanusha Mungu.

Nne: "Kama ni bure, basi tufanye tutakavyo." Paulo alilisikia hili katika siku zake, akajibu kwa neno moja, "Hasha!" (Warumi 6). Na Yakobo anasema imani isiyo na matendo imekufa. Wengi wanawaona Paulo na Yakobo wamegongana, ila wanajibu maswali mawili tofauti. Fikiria mchikichi. Mche wa tenera, aina ya mchikichi inayopandwa siku hizi, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Haugeuki kuwa mchikichi siku mkungu wa kwanza unapotoka. Ulikuwa mchikichi tangu kitaluni. Paulo anazungumzia kilichoufanya uwe mchikichi, na anajibu: si mikungu. Yakobo anaukuta mti wa miaka kumi, makuti yamekauka, hauna hata chikichi moja, na mwenye shamba anaapa kwamba ni mzima. Anamwambia, huu umekufa. Wote wawili wanasema kweli. Mkulima mzuri haung'oi mche wa mwaka wa kwanza kwa kukosa mikungu, wala hadanganyiki na uliokufa. Kanisa nalo lijifunze kumvumilia mwongofu mpya ambaye bado ulimi wake una matusi, na kumwuliza mzee wa kanisa wa miaka ishirini kwa nini vibarua wake hawajalipwa.

Tano, ugomvi wa madhehebu. Kuna tofauti za kweli. Mkatoliki anafundishwa juu ya neema ya utakaso inayokaa rohoni na kukuzwa na sakramenti. Mlutheri na Mmoraviani wanakazia kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumtangaza mwenye dhambi kuwa mwadilifu. Mpentekoste anakazia kuzaliwa mara ya pili na kazi ya Roho. Lakini ule usemi kwamba Wakatoliki wanafundisha kununua mbingu kwa matendo hauna ukweli. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ulikataa waziwazi kwamba mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo, bila stahili yoyote yetu, na kwamba Roho anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Maswali yamebaki, lakini jirani wa parokiani na jirani wa usharikani wanakubaliana zaidi ya wanavyodhani wakibishana kwenye daladala.

Basi mtu afanye nini

Hakuna fomu. Kuna mpangilio ambao Biblia inaurudia, na ukiruka hatua mambo huharibika.

Kusikia kunatangulia. "Basi imani, chanzo chake ni kusikia" (Warumi 10:17). Huwezi kumkabidhi amana usiyemjua. Asomaye Injili ya Luka sura moja kwa siku humaliza kwa siku 24, na kwa anayeanza ningependekeza hiyo kuliko jumbe za simu mia moja.

Kisha kukiri kwa jina. "Nisamehe yote" ni rahisi mno; taja kitu chenyewe, uongo ule, mzani ule uliopunjia watu. Palipo na mtu uliyemdhulumu, rudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakurudisha mara nne ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu alikwisha kujialika.

Halafu omba, na uichukue ahadi kama ilivyo. Hapa wengi hukosea kwa kungoja dalili: joto kifuani, machozi, kutetemeka. Wengine huyapata, wengine hawapati kabisa. Hisia hutegemea usingizi, njaa na habari za nyumbani. Ahadi haitegemei hivyo.

Baada ya hapo kuna chakula cha kila siku: Neno, sala, ubatizo kwa asiyebatizwa, Meza ya Bwana, ushirika wa watu wanaokujua. Mezani, pamoja na tofauti zote za madhehebu, jambo moja halibadiliki: kile kipande cha mkate hukilipii wala hukipiki, unakipokea.

Na ukianguka tena? Swali hili huja kwa sauti ya chini, na mara nyingi aliyeanguka ameshaacha kusali, anangoja ajisafishe kwanza, wiki mbili tatu bila pombe au bila yule mtu, ndipo arudi. Anarudia njia ya nyuma ya duka. Waebrania 4:16 inamwelekeza kinyume: "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji." Wakati wa mahitaji ni usiku uleule ulioanguka.

Asiye na maneno anaweza kuazima ya mtoza ushuru wa Luka 18. Alisimama mbali, hakuinua hata macho, akajipiga kifua, akasema maneno saba tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Hakutaja funga zake wala zaka, kama alivyofanya Farisayo. Yesu anasema mtu huyo alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki. Siku hiyohiyo.